Likizo, daftari na mahamri ya shangazi: kwa nyinyi mnaotaka kuaplai chuo

Juzi baada ya magharibi nimekaa zangu barazani, kijana wa jirani akanijia na simu mkononi. Yuko fomu tatu. Akanionyesha tangazo la kempu ya "viongozi wa kesho", siku 5, hoteli ya Nyali hapa Mombasa, shilingi 22,000, cheti juu. Akaniuliza, "Kaka, nikienda hii si ndo vyuo vya Marekani vitanichukua?" Babake ni dereva wa tuktuk. Nilicheka kwanza kabla sijamjibu, manake kempu ya aina hiyo mimi nshaenda.

Nilikuwa fomu mbili, likizo ya Agosti, mamangu akatoa pesa za zamu yake ya mchezo, ule wa kuchangishana na wenzake, 18,000, pesa alizokuwa amezipangia friji. Tulifanya nini siku hizo 5? Tulivuta kamba, tukarushiana mpira huku tunataja majina yetu, jamaa mmoja wa suti akatwambia tuote ndoto kubwa, tukala biriani moja nzuri sana nisiseme uongo, tukapiga picha. Nikarudi nyumbani na cheti na tishati ambayo baada ya kufuliwa mara mbili ikawa ya kupangusia baiskeli. Friji ilikuja baada ya mwaka na nusu.

Sasa miaka ikaenda, mimi naaplai, niko kwenye intavyuu ya chuo kimoja kwa simu, mama wa watu ananiuliza kwa upole tu, "Hii kempu ya uongozi, wewe hasa ulifanya nini?" Wallahi nilitafuta jibu nikakosa. Nikataja kamba. Akasema "aha", akaandika kitu, tukaenda mbele. Alipofika kwa mahamri ya shangazi ndo tukazungumza dakika 20 na simu ikaisha chaji.

Haya ya mahamri ni hivi. Desemba nikiwa nimemaliza fomu tatu, shangazi yangu pale Majengo alikuwa anauza mahamri na mbaazi kila asubuhi mlangoni kwake, na mimi nikatumwa nikamsaidie, sikwenda kwa kupenda. Unga unakandwa usiku, sukari, hamira, hiliki na tui la nazi, unafunikwa kitambaa unaachwa uumuke, saa kumi alfajiri mafuta yanawekwa motoni. Kazi yangu ilikuwa kusukuma na kukata, donge moja unalikata mara nne, na kupokea pesa. Mfuko wa kilo 2 ulikuwa unatoa madonge 14, yaani mahamri 56, kila moja shilingi 10, jumla 560. Nikamuuliza shangazi faida yako ngapi kwa mfuko? Akasema bila kufikiri: unga 180, sukari 45, nazi mbili 70, kwa hivo nabaki na 265. Na kila mwisho wa wiki pesa hazionekani, analaumu watoto kuwa wanachota mkobani.

Mimi kwa kukosa la kufanya nikanunua daftari la shilingi 20 nikaanza kuandika kila kitu, sio kwa sababu ya chuo, ilikuwa ni ubishi tu, nataka kumuonyesha siibi. Hamira 10. Hiliki 20. Makaa 40. Mafuta, hapa ndo palikuwa na shimo, alikuwa ananunua ya kupimiwa dukani kila siku, ukigawa unapata kama 110 kwa mfuko mmoja wa unga. Jumlisha zote, 475. Faida 85, sio 265. Na hapo sijatoa yale mawili matatu ya nyongeza kwa kila jirani, wala deni la yule bwana wa mkokoteni anayesema "Ijumaa inshallah" tangu mfungo sita.

Nilipomuonyesha hakufurahi hata kidogo, alininunia siku mbili. Siku ya tatu akanipa pesa nikanunue jerikani la lita 20 la mafuta, na madeni akayaandikisha kwa daftari langu. Kufika Januari nafungua skuli faida ilikuwa imepanda, si ya kujenga ghorofa, lakini watoto waliacha kulaumiwa.

Hiyo ndo ilikuwa shughuli yangu kubwa kwenye fomu ya kuaplai chuo. Sikujua kama inahesabika! Nilifikiri Wamarekani wanataka kusikia umeanzisha shirika. Kumbe ile fomu ya Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya elfu moja, ina orodha ya aina za shughuli na ndani yake mna kazi ya kulipwa, na mna majukumu ya nyumbani, kabisa wameyaweka. Kulea wadogo zako mama akiwa kazini ni shughuli. Kumpeleka bibi kliniki kila wiki ni shughuli. Wanakupa nafasi 10 za kujaza, na wewe huna haja ya kuzijaza zote, mimi nilijaza 6. Kila moja unaelezea kwa herufi 150 tu, na nafasi za katikati zinahesabiwa, kisha wanauliza saa ngapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Herufi 150 ni fupi kuliko meseji ya kuomba pesa. Hapo ukiandika "nilisaidia biashara ya familia na kujifunza mengi" umejimaliza, umetumia nafasi na hujasema kitu. Ukiandika mifuko mingapi kwa siku, gharama gani uliipata imejificha, ukafanya nini, mtu aliye kule anaona mtu. Na hizo namba huwezi kuzitunga mwezi wa kumi usiku wa manane, zitoke kwa daftari. Insha yenyewe kubwa mwisho wake maneno 650, nayo pia daftari lilinisaidia, manake nilikuwa nimeandika hata siku shangazi aliyoninunia.

Kwa hivo ushauri wangu kwa mtoto wa jirani na kwa yeyote yule: tafuta kitu kimoja karibu na mlango wenu, kifanye likizo nzima, na likizo inayofuata urudi pale pale. Na andika. Hapa kwetu watu wana mambo makubwa wanayafanya na hawayahesabu. Nina binamu yangu wa kike ambaye tangu fomu mbili anasomesha watoto wadogo chuoni, madrasa ya mtaani, kila Jumamosi na Jumapili, watoto 30 na kitu, ana njia yake ya kuwapanga wale wanaojua herufi na wasiojua. Nikamwambia weka hii kwa fomu akanijibu, "Ah, hichi ni chuo cha kawaida tu." Yaani yuko chuoni miaka mitatu anatafuta cha kuandika ili aingie chuo!

Mwengine niliyesoma naye alikuwa anakaa Likoni, kila siku yuko feri. Abiria wa miguu hawalipi, kwa hivo utafiti wake haukumla hata senti: likizo ya Aprili alisimama na saa ya mkononi akaandika dakika anazongoja asubuhi na jioni, na feri ngapi zinafanya kazi siku hiyo. Wiki tatu. Akachora grafu kwa karatasi ya hesabu. Haikubadilisha chochote pale feri, foleni iko mpaka leo, lakini kijana alijua kukusanya data kabla hajajua inaitwa data.

Kuna na wa mikoko. Kupanda mikoko sahizi ni fashoni, kila shirika linaleta watoto kule Tudor na Mikindani wanachomeka zile mbegu ndefu kwa tope, picha, soda, kwaheri. Rafiki yangu yeye alirudi. Alikwenda baada ya mwezi akati wa maji kupwa akahesabu ngapi ziko hai, akakuta nyingi zimekufa, akauliza wazee wavuvi kwa nini. Wakamwambia mmepanda mkoko wenyewe mahali pa mlilana, aina nyengine ya miti ya mikokoni, huku ukingoni mawimbi yanaupiga, mlilana ndo unavumilia, mkoko ungewekwa nyuma. Hiyo kurudi kuhesabu vilivyokufa ni kazi ya maana kuliko kupanda miche elfu, kwangu mimi, na watu wengi hawaifanyi kwa sababu haina picha nzuri.

Sasa niwe mkweli, haya yote ni kwa wanaoaplai nje, na kwa baadhi ya skolashipu za hapa zenye intavyuu. Kwa vyuo vya serikali hapa Kenya, KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi vyuoni, wanaangalia gredi na pointi za klasta, yaani za masomo yanayotakiwa na kozi yako. Mikoko haiongezi klasta. Degrii unataka C+ kwenda juu, na kozi kama udaktari mnajua wenyewe ushindani wake. Kwa hivo kama kemia yako iko D, likizo yako ni kemia, shangazi atakusamehe. Na hata hao wa nje gredi wanaziangalia kwanza. Nimeona watoto wana shughuli 10 na hesabu imewashinda, huko hawafiki.

Pesa nazo. Usiaplai kwa kufuata majina unayosikia, angalia nani anamsaidia mwanafunzi wa nje. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawakukatai kwa sababu huna pesa hata kama ni mgeni, lakini kuingia ndo shughuli. Vingi vengine vinaangalia mfuko wako. Mimi nilikataliwa na vyuo 7, viwili vikanikubali, kimoja kikalipa karibu chote. Mshauri wa bure yupo, EducationUSA, wako chini ya serikali ya Marekani, ofisi iko Nairobi lakini wana vikao kwa mtandao, kwa hivo mtu akikuambia lipa 50,000 akujazie fomu, mwambie ahsante.

Tarehe zetu pia zinatuchanganya kidogo. Hatuna ile likizo yao ndefu ya kiangazi, sisi ni Aprili, Agosti na Desemba, vipande vipande. Common App inafunguliwa tarehe 1 Agosti, dedilaini za mapema ni Novemba mwanzo, za kawaida ni kama Januari mwanzo. Novemba wewe uko KCSE, mtihani wa kumaliza fomu nne! Mimi sikujaribu kubeba yote mawili, nilifanya mtihani, nikangoja matokeo Januari, nikaaplai Agosti ile iliyofuata. Ule mwaka wa katikati ndo likizo yetu kubwa ya kweli na wengi wanaimaliza kwa kozi fupi za kompyuta, zile paketi, draivin na maskani. Paketi sio mbaya, draivin pia utaihitaji, ila zinakula miezi miwili na mwaka una kumi na mbili.

SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani, kama vyuo unavyotaka vinaitaka, isome huo mwaka. Siku hizi inafanywa kwa kompyuta, ina mafungu mawili, kusoma na kuandika pamoja halafu hesabu, kila moja mwisho 800. Kwa tovuti ya Khan Academy mazoezi ni bure, mimi nilikuwa nanunua bando la usiku naingia saa sita, nafungua maswali, nayanakili kwa mkono, mchana nafanya bila intaneti.

Na makaratasi, jamani. Hapa ndo niliteseka kuliko insha. Jina langu kwa cheti cha kuzaliwa lilikuwa na Mohamed, skuli wakaandika Mohammed, na jina la babu likakosekana, mambo yetu ya Pwani mnayajua. Kurekebisha kulinila wiki sita za kwenda na kurudi. Toa vyeti vyote uviweke kitandani leo, ulinganishe herufi kwa herufi. Paspoti anza mapema. Kitambulisho ukifika 18 usingoje.

Barua za walimu waombe kabla skuli haijafungwa, uso kwa uso, uwape na karatasi yenye mambo yako. Mimi nilingoja likizo, mwalimu wangu wa fizikia akawa keshaenda kwao Bungoma, anapatikana akipanda kilima. Barua ilikuja siku mbili kabla ya dedilaini na nilikuwa nshaacha kula.

Basi yule kijana wa jirani kempu hakwenda. Nilimwambia aanze na tuktuk ya babake, petroli ya asubuhi, safari ngapi, za wapi, kiasi gani anapeleka kwa mwenye gari, jioni anabaki na ngapi. Jana akaniletea daftari nilitazame. Siku tatu za kwanza zimejaa vizuri, mistari imepigwa kwa rula, siku ya nne tupu. Nikamuuliza mbona, akasema mvua ilinyesha kutwa, baba hakutoka, hakukuwa na cha kuandika.

Nikamwambia andika mvua.