Walirudiana au hawakurudiana? Namna ya kusoma sini ya mwisho

Muvi ya mapenzi ikiisha pale kibanda umiza, ubishi huwa ni uleule. "Wamerudiana!" "Wapi, demu kamkaushia." Wameangalia picha moja, na mara nyingi hakuna mwenye ushahidi: anayetaka ndoa kaona ndoa, aliyeachwa juzi kaona kuachwa. Sini iliyoachwa wazi inasomeka, ila anza na swali jingine. Dakika hii, nani anajua nini kuhusu mwenzake ambacho dakika kumi zilizopita hakukijua?

Kwanza kagua kopi yako. Zile zilizotafsiriwa na madj ni burudani safi kwa muvi za ngumi, lakini hapa zinaharibu. Mtafsiri havumilii ukimya. Akishasema "hapo ndipo akajua huyu ndiye mume wake", kakuamulia jambo ambalo mwongozaji hakuliamua. Halafu kuna runinga. Filamu za zamani zina umbo linalokaribia mraba. Ukikuza picha ijaze kioo kipana, juu na chini vinakatwa, na chini ndiko mikono iliko. Rudisha umbo la asili, vumilia ile mistari mipana myeusi ya pembeni. Na simu ndani ya mwendokasi, jua la Magomeni likipiga kioo, usijisumbue.

Filamu nzuri ya kujifunzia ni City Lights ya Charlie Chaplin, ya mwaka 1931. Steringi ni mzururaji asiye na mbele wala nyuma. Msichana muuza maua haoni, na kwa kusikia mlango wa gari ukifungwa aliamini mteja wake ni tajiri. Mzururaji anampatia hela za matibabu ya macho, kisha hela hizohizo zinampeleka jela. Anapotoka amechakaa, na msichana anaona na ana duka la maua.

Angalia dakika tano za mwisho mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti, ufuate umbali na mikono. Msichana yuko ndani, nyuma ya kioo cha duka. Mzururaji yuko barabarani. Msichana anamcheka. Wapenda harusi huiruka hiyo, na ndiyo inayoupa uzito mwisho wote. Anatoka na ua na sarafu, mwanamume anataka kuondoka, msichana anamshika mkono amwekee sarafu, na hapo vidole vinasita. Vinaanza kupapasa. Mkono umemtambua kabla ya macho, kwa sababu mkono ndio uliokuwa ukimjua tangu zamani.

Mara ya pili sikiliza tu. Msichana ana muziki wake, La Violetera ya José Padilla, unaomfuata tangu mwanzo. Andika unapoingia na unapoondoka.

Mara ya tatu chukua daftari, chora safu mbili: anachojua mwanamume, anachojua mwanamke. Usisahau sini ndogo iliyotangulia, bwana mmoja nadhifu mwenye kofia ndefu anaingia dukani na msichana anashtuka kwa matumaini. Wengi huiona kama kijazio. Bila hiyo huwezi kujua alikuwa anamsubiri mtu wa namna gani, na kwa hiyo huwezi kujua amepoteza nini anapouliza, "Ni wewe?" Mzururaji anaitikia kwa kichwa. "Sasa unaona?" "Ndiyo, sasa naona." Msichana hamwachii mkono. Picha inazimika juu ya uso wa mwanamume, ua karibu na mdomo, anatabasamu na anaogopa kwa pamoja.

Sasa gawa. Kilichokwisha amuliwa: msichana anamjua, na mwanamume anajua kwamba anajulikana. Kilicho wazi: kama shukrani itageuka kuwa mapenzi. Na ona kamera ilikoishia. Ingeishia juu ya uso wa msichana, tungeondoka na jibu, au karibu na jibu. Imeishia kwa anayesubiri, basi nasi tunasubiri naye. Kwa maoni yangu, anayesema "wameoana" na anayesema "kamkataa" wote wameongeza sini ambayo haikupigwa.

Kosa jingine ni kuuliza swali lililokwishajibiwa. Kwenye The Graduate ya 1967, wawili wamekaa kiti cha nyuma cha basi, wametoroka harusi, na tabasamu zinafifia taratibu. Wako pamoja, hilo halina ubishi. Kilichobaki ni kama wanajua wanachokifanya.

Muendelezo nao unachanganya watu. Before Sunset ya 2004 inamwacha mwanamume ameketi kwa mwanamke anayempenda, ndege inamsubiri, wala haonekani kutaka kuinuka. Before Midnight ya 2013 ikaja kuwaonyesha wakiwa na watoto. Aliyesema mwaka 2004 kwamba mwisho uko wazi hakukosea. Filamu iliyofuata ni filamu nyingine, haiwezi kutumika kumkosoa.

Mkiwa kundi, zimeni kioo kikishakuwa cheusi, kila mmoja aandike sentensi moja na kuitajia picha inayoiunga mkono: mkono, jicho, nani kasogea kwanza. Sentensi isiyo na picha ifutwe. Muandike kabla mtu hajafungua mdomo, maana pale kibandani mwenye sauti kubwa ndiye hushinda, hata kama alikuwa nje ananunua karanga.