Muulize Mwalimu: Mlango wa kulalamikia umefungwa, tugonge wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo hilohilo, nimechagua tatu. Majina nimeyaficha, na safari hii nimeyaficha vizuri zaidi kwa sababu wenyewe wameomba.

Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi simu hapa Ngarenaro, Arusha, nina mke na watoto wawili. Nina wasiwasi na nchi na wasiwasi wenyewe hauondoki, tangu ile Oktoba 29 ya 2025, siku ya uchaguzi wa rais, intaneti ilipozimwa nikakaa siku kadhaa sina kazi, maana mtu atengeneze simu ya nini wakati haishiki kitu, nikawa nasikiliza redio tu, alafu baadae tume ikatangaza mshindi kapata asilimia 97.66. Nikamuuliza mzee mmoja jirani yangu, hivi mtaa wetu huu unaweza kukubaliana kwa asilimia 97 kwenye kitu gani, Simba na Yanga tu zinatushinda, akanijibu fundi tengeneza simu. Nyumbani mke wangu anasema nikiendelea kuongea siasa atahamia chumba cha watoto, anaogopa na simlaumu. Na kilichonishtua zaidi ni kikao cha mtaa, tunachangishwa hela ya ulinzi shirikishi kila mwezi na hakuna anayeuliza inaenda wapi, zamani watu waliuliza mpaka wanashikana mashati, saizi wote wanaangalia chini. Je mwalimu, mi ndo naumwa au demokrasia kweli inapungua? Na mtu asiyetaka matatizo kama mimi afanyeje?

*Fundi, Arusha*

Marahaba mwanangu. Huumwi, au kama unaumwa basi tunaumwa wengi, maana barua yako ina ndugu zake zaidi ya ishirini hapa mezani.

Nimefundisha Siasa enzi za chama kimoja, alafu likaja somo la Uraia nikalifundisha pia, kwa hiyo nimesimama ubaoni nikisema vitu viwili vinavyopingana na mshahara ukiwa uleule. Kilichonibakia ni kipimo kimoja tu. Sihesabu vyama wala asilimia. Nauliza, ukidhulumiwa unalalamika wapi, na huyo unayemlalamikia analazimika kukujibu au anaweza kukuangalia tu mpaka uchoke uondoke? Kura ni mlango wa kulalamikia, mahakama ni mlango, gazeti, mkutano wa hadhara, mpaka hicho kikao chenu cha mtaa. Milango hii huwa haifungwi yote siku moja, ndo maana watu wanachelewa kushtuka, unakuta huu una kufuli leo, ule mwingine umeegeshwa tu lakini kuna mtu kakaa nje, na wewe una shughuli zako unasema ntapita kesho.

Mwingine ulifungwa kabla hujaanza hata darasa la kwanza. Chukua Katiba yetu ya 1977, soma ibara ya 41(7): mgombea akishatangazwa na Tume kwamba amechaguliwa kuwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Soma na 74(12), inasema karibu hivyohivyo kuhusu mambo ambayo Tume imeyatenda. Ubunge unaweza kuupeleka Mahakama Kuu na watu wameshavuliwa kweli, lakini urais ukishatangazwa kitabu kimefungwa. Wewe uko Arusha, panda hiace mpaka Namanga ukanyage upande wa pili: mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais, wakarudi kupiga kura. Malawi nao 2020 wakafuta, na kwenye marudio upinzani ukashinda. Sisi hata tukiwa na ushahidi magunia kumi, au hata kama hakuna tatizo lolote na mshindi kashinda kihalali kabisa, hakuna jaji wa kutuambia ni lipi kati ya hayo. Hilo ndo linanisumbua kuliko asilimia yenyewe, maana asilimia 97 isiyoweza kukaguliwa inamwachia kila mtu aamini anachotaka.

Sasa ngoja nikupe kisa kilichofika mpaka mjini kwako. Mchungaji Christopher Mtikila alitaka kitu kidogo sana, raia agombee bila kuwa na chama. Akaenda mahakamani, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akiwa Dodoma akampa haki yake. Bunge likabadilisha Katiba ili ile hukumu isiwe na kazi. Mtikila akarudi, 2006 Mahakama Kuu ikampa tena, serikali ikakata rufaa na 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni suala la Bunge sio la majaji. Mtu mwingine angeenda kulima. Yeye akaja hapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Juni 2013 majaji wakasema Tanzania imevunja haki zake na irekebishe sheria. Mahakama zimempa haki mara tatu, mwanangu! Akafariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu hivi kabla ya uchaguzi mkuu, na kwenye uchaguzi ule hapakuwa na mgombea binafsi hata mmoja, wala kwenye uliofuata.

Haikuishia hapo. Novemba 2019 nchi yetu ikaondoa lile tamko lililokuwa linamruhusu mwananchi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadae ikawa imefungwa kweli kwa kesi mpya za namna hiyo. Mahakama iko Arusha, majaji wanakunywa kahawa ya Arusha, labda umeshawatengenezea simu, ila wewe mwenye kibanda Ngarenaro huwezi kuwapelekea kesi. Mtu wa nchi nyingine ambayo tamko lake bado lipo anaweza kuja na ndege akalalamikia nchi yake mlangoni kwako.

Nisiwe mtu wa kuhesabu mabaya tu. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa 2016, na Januari 2023 Rais Samia akaifungulia, nilimuona mtu mzima anacheza stendi ya Moshi siku ile. Kwa hiyo milango hufunguka. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ruhusa ya mtu una tabia ya kurudishwa, ule uliofunguliwa na sheria ndo unaweza kuwekea jiwe. Ndo maana kila mara narudi kwenye Katiba mpya, ile ya tume ya Jaji Warioba, watu wakatoa maoni, Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, ikabidi wananchi tuipigie kura ya maoni Aprili 2015, ikaahirishwa. Bado imeahirishwa.

Unaniuliza ufanyeje. Sitakwambia uwe jasiri, mi mwenyewe sio jasiri, nimestaafu na pensheni naitaka. Ila wewe mwenyewe umeshaniandikia jibu, iko ile sehemu ya hela ya ulinzi. Anzia hapo. Kikao kijacho usisimame peke yako, ongea kwanza na watu watatu wanne mnaoaminiana, hasa akina mama maana wao ndo wanalipa na wanakumbuka walilipa lini, alafu mmoja aulize kwa adabu kabisa: mwenyekiti tunaomba kusomewa mapato na matumizi, na tuandikiwe kwenye muhtasari. Usimtukane mtu, usimwite mwizi, omba tu karatasi. Hiyo sio siasa ya chama chochote, hata mwenye kadi ya chama tawala analipa ulinzi. Mkizoea kuuliza elfu mbili mtakuwa na mdomo wa kuuliza bilioni mbili, na mkizoea kuangalia chini kwenye elfu mbili msitegemee siku ya bilioni shingo itanyooka.

Na kuna mlango mmoja Arusha bado uko wazi, watu hawaujui. Mahakama ya Afrika Mashariki, ile ya Jumuiya, mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kulalamikia sheria au kitendo cha serikali kinachovunja mkataba wa Jumuiya. Machi 2019 ilisema vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinavunja mkataba, na waliopeleka kesi walikuwa asasi za hapahapa nyumbani. Angalizo moja, unatakiwa kufungua ndani ya miezi miwili tangu jambo litokee au tangu ulipolijua. Miezi miwili ni kama hakuna, mtu unajiuliza tu nianze wapi imeshapita.

Mke wako usibishane naye. Anaogopa kwa sababu anakupenda, na hiyo ya kuhamia chumba cha watoto mi naiona kama tishio dogo sana ukilinganisha na yanayosemwa nyumba nyingine.

Mwalimu habari za siku. Mnalialia vyama vingi, kwani Mwalimu Nyerere hakuongoza kwa chama kimoja na nchi ikatulia? Mi naona hii demokrasia ya kuletewa ndo inayotugombanisha.

*Mzee wa Usa River*

Nzuri mzee mwenzangu. Nikuungamie kitu: Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka 1991 kuuliza watu, karibu asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja, na mimi nilikuwa humo. Tume ikashauri tuingie vyama vingi hata hivyo, na Julai 1992 ikawa sheria. Nilikasirika. Leo sikasiriki tena.

Lakini kumbuka vizuri hicho chama kimoja chako. 1965 kila jimbo, karibu yote, lilikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja alama yake jembe mwingine alama yake nyumba, unachagua. Na watu walichagua kweli, Paul Bomani alikuwa waziri wa fedha na bado wapiga kura wakamwangusha. Waziri wa fedha! Alafu njoo 2020, vyama vipo karibu ishirini, na kuna majimbo wabunge walipita bila kupingwa kwa sababu wapinzani wao walienguliwa kwenye fomu, huyu kakosea hiki, yule kakosea kile, na waliokosea kujaza fomu wakawa ajabu ni wa upande mmoja. Serikali za mitaa 2019 na 2024 hadithi hiyohiyo, chama tawala kikachukua asilimia 99 hivi ya viti. Kwa hiyo ukinikumbusha utulivu wa zamani nami nakukumbusha kwamba hata zamani hiyo mbunge alilala na hofu ya jembe na nyumba. Na hiyo ya kuletewa, waulize majirani zako Wameru. 1951 walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki wapewe wazungu mashamba, walichanga hela na 1952 Kirilo Japhet akaenda mpaka New York kulalamika Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa pale pale, lakini nani aliwaletea hiyo tabia ya kulalamika? Walikuwa nayo.

Shikamoo mwalimu, mi nauza ndizi soko la Mbuyuni Moshi. Kijana wangu ametimiza miaka 18, anasema hajiandikishi wala hapigi kura maisha yake yote, ni kupoteza muda. Nimlazimishe?

*Mama wa ndizi*

Marahaba mama. Usimlazimishe, mtoto wa miaka 18 ukimlazimisha kitu umemharibia hicho kitu. Muulize tu kama anajua kwamba hapo Moshi 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, mtu msomi, anapendwa, na kwamba 1960 walewale walipiga kura wakasema sasa tunataka rais wa kuchaguliwa, wakamtoa. Bado tulikuwa chini ya Mwingereza wakati huo. Akikwambia hizo ni hadithi za wazee muache, mpe zamu ya kupokea hela mezani, alafu siku ushuru wa soko ukipanda bila taarifa msikilize atakavyolalamika.

Fundi wa Ngarenaro, usisahau kuniandikia walijibu nini kuhusu hela ya ulinzi, hata kama hawajajibu kitu. Na simu yangu kioo kimepasuka, nikija Arusha nitapita.