"Nilipatana" na jirani sokoni, au nilikutana naye?

Swali: Mwalimu, mimi naishi Umoja, hapa Nairobi. Jumamosi nilienda Marikiti kununua vitunguu, na katikati ya ile misukumano nikamwona mama tuliyekaa naye ploti moja miaka iliyopita. Tulikumbatiana, tukapiga gumzo mpaka kijana wa mkokoteni akatupigia kelele tumpishe. Jumatatu nikamsimulia mwenzangu kazini, yeye ni wa Lamu: "Juzi nilipatana na jirani yangu wa zamani sokoni." Akaniambia, "Alhamdulillahi! Kwani mlikuwa mmegombana?" Hatujawahi kugombana hata siku moja. Je, nilikosea? Na nikisema fundi wangu wa viatu "nilimpata akifunga kibanda", hilo nalo ni kosa?

Jibu: Dada yangu, mwenzako hakuwa akikutania. Kwake yeye, na kwa wasemaji wengi wa pwani na Tanzania, kupatana ni kuelewana: ama watu wawili wanaishi vizuri, ama walikosana na sasa wamesikizana tena. Humo ndimo yalimotoka mapatano, mpatanishi na upatanisho, na methali ya wagombanao ndio wapatanao. Kwa hiyo uliposema umepatana na jirani, alisikia kwamba kulikuwa na ugomvi na umekwisha. Ile alhamdulillahi ilitoka moyoni, alikuwa anakufurahia.

Hapa Nairobi tumeizoea maana nyingine, ya kukutana. "Tupatane steji." "Tulipatana kwa kinyozi." Wapo wanaosema huu ni uvivu wa watu wa bara, mimi sikubaliani nao. Kiswahili chenyewe kimeuacha mlango wazi. Ukichukua ona ukatia -an- unapata onana, ukichukua kuta unapata kutana, basi mtu anachukua pata na kutengeneza patana kwa hesabu ileile: mimi nimempata, yeye amenipata. Tena wengi wetu tulikuja mjini na lugha za nyumbani. Katika Kijaluo, kwa mfano, kitenzi yudo kinatosha kwa kupata na kwa kukuta pia. Aliyelelewa na lugha ya namna hiyo hana sababu ya kuhisi mpaka ambao Mswahili wa Lamu anauhisi tangu utotoni.

Hata hivyo, ningependa sana tuulinde mpaka huo. Nitakuonyesha kwa nini, na sitatoka sokoni.

Mimi Jumamosi asubuhi huwa Kangemi, kwa mama mmoja anayeuza nyanya. Yeye huniona kabla sijamwona. Huniita kastoma, nami namjibu kastoma. Neno hilo Nairobi linaenda pande zote mbili, muuzaji na mnunuzi wanaitana hivyohivyo, na nalipenda kwa sababu hiyo. Kwanza ananiuliza watoto. Kisha ananiuliza nilipotelea wapi, hata kama ni wiki moja tu sijafika. Halafu ndipo tunaingia kwenye bei. Juzi fungu lilikuwa shilingi 100, nikamwomba anipunguzie hadi 80, akakuna kichwa, tukaishia 90 na hoho moja ya nyongeza. Sasa angalia: tulikutana saa tatu, tukapatana saa tatu na robo. Ni mambo mawili, na kila moja lina kitenzi chake. Ukiyaita yote kupatana, ile robo saa ya kuvutana imekosa jina.

Kwenye habari jambo hili ni zito zaidi. Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais wakati huo, na mpinzani wake Raila Odinga walikutana Harambee House, ofisi ya rais, wakatoka nje wakasalimiana kwa mikono mbele ya kamera. Mwandishi akiandika tu "walipatana Harambee House", msomaji wa Mombasa ataelewa kwamba uhasama umekwisha, na wa Nairobi huenda akaelewa kwamba walionana tu. Nchi iliyopitia zile ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, ikamhitaji Kofi Annan aje kuwa mpatanishi, haiwezi kulichezea neno hili. Tunalihitaji likiwa na uzito wake wote.

Kwa hiyo ya jirani yako sema: "Nilikutana na jirani yangu wa zamani sokoni." Ukitaka kuonyesha kwamba hamkuwa mmepanga, ongeza kwa bahati, au sema mlikutana uso kwa uso, maana kutana peke yake hubeba yote mawili, hata tukutane saa nane ni kutana. Wazee walisema milima haikutani, binadamu hukutana, na sijasikia mtu yeyote, hata huku Nairobi, akisema milima haipatani.

Kuonana ni jirani wa karibu wa kukutana, lakini mara nyingi kuna shughuli ndani yake: unaenda kuonana na daktari, kuonana na mwalimu wa mtoto. Ndiyo pia tunayoagana nayo, tutaonana. Na kama wewe ulikuwa unatoka Marikiti huku yeye anaingia, hamkusemezana, basi mlipishana.

Tuje kwa fundi. Hapa tofauti ni nyembamba zaidi, na usemi wako si kosa la kukufanya uone haya, ila una maana ambayo huenda hukuikusudia. Kumpata mtu kunabeba juhudi: nilimtafuta mpaka nikampata, nilimpigia simu sikumpata. Kumkuta ni kufika na kumwona yuko pale, katika hali fulani. Ikiwa ulipita kibandani kwake jioni, viatu viko kwenye mfuko, yeye tayari ameshika kufuli mkononi, basi ulimkuta akifunga, na "nilimkuta anafunga" pia ni sawa. Ikiwa alikuwa amehama bila kuaga, ukaulizia kibanda hadi kibanda na hatimaye ukamwona kona nyingine amejiinamia na sindano yake, huyo ulimpata. Na ikiwa ulifika ukaona kufuli tu, sema hukumkuta. "Sikumpata" itamfanya anayekusikiliza adhani ulizunguka mtaa mzima ukimtafuta.

Ukikutana tena na yule mama wa ploti, naye akakuambia "tupatane Jumamosi", usimsahihishe palepale njiani. Muulize saa ngapi na mkutane upande gani wa soko.