Iliki Yangu Imeenda Wapi? Maswali Yenu ya Ladha za Keki

Toleo lililopita niliuliza kaswali kadogo tu, kwamba ukiambiwa uchague ladha moja ya kitu kitamu uile hiyo hiyo maisha yako yote utachagua ipi, na jamani mmeandika! Kuna wa iliki, wa vanila, wa nazi, kuna mmoja kachagua ukwaju peke yake nikampenda bure. Ila nilichokiona ni kwamba watu wengi ladha wanayoipenda wanaijua vizuri, shida wakiitia kwenye keki inapotea, haionekani, au inakuja kwa fujo mpaka watoto wanasusa. Basi leo tunajibu hizo. Mi mwenyewe ni wa iliki na chungwa, nasema mapema mjue jaji ana upande wake.

*Anti shikamoo. Napenda iliki kupita maelezo. Natia ya unga ile ya pakiti, kijiko kizima, saa nyingine viwili, keki ikiwa kwenye oveni nyumba nzima inanukia lakini ukija kuila kama hamna kitu. Nakosea wapi? — Mpenda Iliki, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Umeshajijibu mwenyewe, iliki yako wanaila majirani kwa pua.

Iko hivi, harufu ya iliki ni mafuta yaliyomo ndani ya zile punje, na ikishasagwa yanaanza kutoroka. Sasa fikiria pakiti imesagwa lini, imekaa bohari, imekaa dukani, imekaa kabatini kwako juu ya jiko, hapo unatia vumbi tu lenye jina la iliki. Nunua nzima nzima, yenye ganda la kijani, ukiibonyeza isikie kama ina kitu ndani. Keki ya vikombe viwili vya unga chukua maganda kumi, kama we ni mgonjwa wa iliki kama mimi weka kumi na mbili, pasua, toa zile punje nyeusi, tia kwenye kinu na kijiko kimoja cha sukari. Hiyo sukari usiisahau maana bila sukari punje zinaruka mpaka chini ya friji (naongea kwa uzoefu), na pia sukari inazisaga laini na inanyonya yale mafuta. Maganda usitupe, hayo ya chai.

Halafu siri yenyewe ni siagi. Harufu ya viungo inakaa kwenye mafuta, kwenye maji haikai sana. Kwa hiyo yeyusha siagi yako moto mdogo sana, tia iliki, ikianza kunukia tu epua, usingoje ibadilike rangi. Iache ipoe igande tena ndo uipige na sukari kama kawaida, maana ukiipiga ikiwa maji keki haitapanda vizuri. Ni kazi ya nusu saa zaidi, najua, lakini ile pakiti ya kijiko viwili hutairudia tena.

*Nimefanya keki ya nazi, nimetia chicha vikombe viwili na imekuwa kavu kama matofali, na nazi yenyewe huisikii. Kosa la nazi au langu? — Dada wa Bagamoyo*

La kwako dada, samahani. Chicha imeshakamuliwa, utamu wote umeenda kwenye mchuzi wa samaki, kilichobaki ni nyuzi ambazo zina kiu, ukizitia kwenye keki zinakunywa maziwa yote. Chicha wape kuku.

Unachotaka ni nazi iliyokunwa ambayo haijakamuliwa, nusu kikombe tu inatosha, ikaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta huku unageuza geuza mpaka iwe kama rangi ya chai ya maziwa. Usiondoke hapo hata simu ikiita, maana inakaa nyeupe nyeupe dakika nne halafu ghafla imeungua. Hapo kwenye kukaanga ndo ladha ya nazi inapozaliwa, nazi mbichi kwenye keki ni laini mno haishindani na vanila wala mayai. Halafu badala ya maziwa tia tui, lile la kwanza zito, na siagi punguza kama robo maana tui lina mafuta yake, usipopunguza keki inakuwa nzito inashika kwenye kisu.

Na kama unataka nazi isikike kweli kweli basi achana na keki kabisa, fanya mkate wa kumimina. Mchele umelala majini usiku kucha, unasagwa na tui, iliki, hamira kidogo, sukari, unaachwa uumuke, unamimina kwenye sufuria lililopakwa samli, moto chini na moto juu. Nazi na iliki peke yao, hakuna unga wa ngano wa kuwazibia. Mimi nikiulizwa pwani tuna keki gani nawaambia hiyo.

*Anti, nilitia juisi ya pasheni badala ya maziwa, mchanganyiko ukakatika kama mtindi, keki ikawa chachu na haina hata harufu ya pasheni. Nilikuwa nampikia mchumba!!! — Aliyeaibika, Morogoro*

Pole mama, mchumba anayekimbia kwa sababu ya keki huyo angekimbia tu.

Kukatika usijali, kunatisha kwa macho lakini oveni inarekebisha. Tatizo lako ni kwamba juisi ni maji mengi na ladha kidogo. Kamua pasheni, chuja mbegu, chemsha kikombe kimoja taratibu mpaka kibaki nusu, acha kipoe kabisa. Hicho nusu kikombe ndo utie badala ya nusu kikombe cha maziwa. Uchachu sasa: tia robo kijiko cha chai cha bekingi soda na upunguze bekingi pauda kijiko kimoja cha chai, soda inakutana na ule uchachu zinatoa hewa, keki inapanda na ukali unapungua. Usizidishe soda kwa kudhani ndo itapanda zaidi, itakuja na ladha ya sabuni.

Ila mimi ningefanya hivi, keki ipikwe ya kawaida ya vanila, ikitoka tu ikiwa ya moto uichome chome na kijiti halafu umwagie juisi ya pasheni iliyochemshwa na sukari mpaka iwe nzito kidogo, hapo hata mbegu chache acha, zinapendeza. Harufu ya matunda inakimbia kwenye moto wa oveni, ukiitia mwishoni inabaki yote. Embe hivyo hivyo, na ukwaju wa yule ndugu yetu pia.

*Shemeji yangu katoka Bukoba kaniletea vijiti vya vanila, vyeusi, vinanata. Nimeviweka tu navitazama. Ile arki ya vanila ya chupa tunayotumia kumbe feki? — Mama Wawili, Dar*

Shemeji huyo mtunze. Kagera wanalima vanila na Uganda pia, na ni kazi kweli kweli, maana ua la vanila linafunguka siku moja tu, na mkulima anatakiwa alichavushe kwa mkono wake, moja moja. Mmea wenyewe asili yake Mexico, na ulipopelekwa kwengine mara nyingi ulikuwa unatoa maua tu bila kuzaa, mpaka mwaka 1841 kisiwani Réunion kijana mtumwa wa miaka 12 anaitwa Edmond Albius akaonyesha namna ya kulichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Wanatumia njia hiyo hiyo mpaka leo. Mtoto wa miaka 12, mtumwa, na tunakula kazi yake kila birthday bila kumjua.

Ya chupa sio sumu, mara nyingi ni vanilini ya kiwandani, ni ile harufu moja kuu ya vanila imetengenezwa peke yake, wakati kijiti kina mchanganyiko wa harufu nyingi. Na nitakwambia kitu ambacho wapishi wa mbwembwe hawatapenda: kwenye keki ya kawaida yenye kokoa au mdalasini chupa inatosha kabisa, usipoteze kijiti chako huko. Kitumie kwenye kitu ambacho ni maziwa na mayai tu, kastadi, pudini, aiskrimu ya nyumbani. Kipasue kwa urefu, kwangua zile mbegu ndogo kama baruti kwa ncha ya kisu, tia kwenye maziwa ya moto na ganda lake. Baadaye ganda lisuuze, likauke, lizike kwenye kopo la sukari ufunike. Wiki mbili tatu utafungua hilo kopo na utakaa hapo unanusa kama mwehu.

*Keki yangu ya kokoa nyeusi tii lakini haina ladha ya chokoleti. — Bila Jina*

Koroga kokoa na kahawa nyeusi ya moto, kali, badala ya kuimwaga kavu kwenye unga. Moto unaifungua kokoa, na kahawa hutaisikia, inaifanya tu chokoleti iwe chokoleti zaidi. Kama ni ya watoto wadogo tumia maji ya moto. Na chumvi, robo kijiko cha chai, usiogope. Ukipata kokoa ya Kyela jaribu.

*Sina oveni, napikia sufuria na mchanga juu ya mkaa. Ladha gani zinafaa? — Kijana wa Geto, Arusha*

Zote kijana wangu. Bibi zetu walipika hivyo na keki zilikuwa keki. Ila moto wa mkaa unapenda kuunguza chini, na kitu kikiungua kinafuta ladha nyingine zote, kwa hiyo weka makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Anza na ndizi zilizoiva mpaka ganda limekuwa jeusi, tatu, na mdalasini. Keki ya ndizi ina maji maji, haikauki haraka, inakusamehe. Chungwa pia, ukwangue ganda kwenye grata, ile rangi ya juu tu, ukifika kwenye nyeupe acha maana ni chungu. Ya Muheza ganda lake la kijani hata yakiiva, usiyaogope. Fikicha hilo ganda na sukari kwa vidole mpaka sukari ilowe na ibadilike rangi, ndo uendelee.

*Anti, mama mkwe anasema keki yangu ya waridi inanuka kama bibi harusi. Mume wangu kacheka. Mimi naipenda hiyo ladha tangu utotoni Unguja. Niiache? — Mkwe Mwenye Hasira*

Usiiache, ila mama mkwe safari hii ana haki nusu. Umetia kiasi gani? Nina uhakika umetia kijiko. Arki ya rozi ya chupa ni kali mno, inahesabiwa matone, matatu kwa keki nzima, na usiyatie kwenye unga, yatie kwenye shira ya kumwagia au kwenye krimu ya juu ambako hakuna moto. Halafu mpe rafiki wa kutembea naye, iliki kidogo au lozi za kusaga, rozi ikiwa peke yake ndo inakuwa manukato, ikiwa na iliki watu wanakumbuka halua.

Upike Ijumaa, umkatie mama kipande na kahawa, usimwambie ni ya nini. Akiomba cha pili niandikie haraka. Asipoomba pia niandikie, tutapunguza tone moja.