Barua kwa Mwanangu: Pamba Hajapata Kichaa

Mwanangu,

Umeniuliza kama Pamba, sungura wako, amepata kichaa. Unasema tangu juzi anajinyofoa manyoya ya kifuani na tumboni, anayabeba mdomoni pamoja na nyasi kavu mpaka pembeni mwa banda, na ukiingiza mkono anakurukia huku akinguruma. Ukauliza umtenge na mwenzake au umrudishe ulikomtoa.

Usimrudishe popote. Anatengeneza kiota. Mwili wake unamwambia kwamba ana mimba na siku za kuzaa zimekaribia, naye anauamini.

Najua utaniambia wote wawili ni majike, mimba imetoka wapi. Sungura jike hasubiri mzunguko wa siku maalumu ili yai lake litoke. Hutoka baada ya kupandwa, na mwili hauulizi aliyempanda ni nani. Majike nao hupandana, hasa wanapopimana ubavu kujua nani mkubwa ndani ya banda. Ulipoona mwenzake anampanda ukadhani ni mchezo, mambo yalianzia hapo. Homoni zikaamka, na kwa kadiri ya siku 16 hadi 18 sungura huishi kama mjamzito: huwa mkali, matiti huweza kujaa kidogo, na mwishoni huanza kubeba nyasi na kung'oa manyoya ya kutandikia watoto. Hii ndiyo mimba ya uongo. Huisha yenyewe.

Ila kabla hatujakubaliana kwamba ni ya uongo, mpeleke yule mwenzake akaangaliwe kama ni jike kweli. Sungura wakiwa wadogo jinsia yao hukosewa sana, hata na watu wanaowauza kila siku. Mimba ya kweli huchukua siku 31 hivi, na mama hung'oa manyoya siku chache au hata saa chache kabla ya kuzaa. Asubuhi moja ukikuta vitoto visivyo na manyoya wala macho yaliyofumbuka, usianze kuvinywesha maziwa kwa sababu hujamwona mama amevilalia. Sungura huingia kwenye kiota mara moja au mbili tu kwa siku, ananyonyesha dakika chache kisha anaondoka zake. Porini, kukaa karibu na watoto ni kumwonyesha adui walipo. Angalia matumbo yao. Yakiwa ya mviringo na wamejikunja kwa joto, mama yao anajua anachofanya.

Kama hakuna watoto, kiota kiache. Ukikibomoa atang'oa manyoya upya, na utakuwa umemzidishia kazi na hasira. Mpe nyasi kavu kwa wingi, maji yasikosekane, na usafi wa banda ufanye akiwa ametoka nje. Hata siku za kawaida usipeleke mkono moja kwa moja mbele ya pua yake. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, lakini pale chini ya pua haoni kitu. Mkono unaotokea hapo ghafla ni mwizi. Upitishe kwa pembeni, umguse juu ya paji la uso. Wala usimpige kwa kukurukia. Atakachojifunza ni kukuogopa.

Ngozi ya kifua chake iangalie vizuri. Manyoya ya kiota huacha ngozi safi, laini. Ukiona magamba, vidonda, au kipara kimehamia mgongoni na shingoni na anajikuna, hapo hatuzungumzii kiota tena. Huenda ni utitiri, nao unahitaji dawa.

Yale mengine uliyoyaorodhesha hayanipi wasiwasi. Kupiga mguu wa nyuma chini kwa kishindo ni tahadhari: amesikia kitu, hata kama wewe hukusikia. Kuruka juu akijipindua hewani ni furaha. Kujitupa ubavu ghafla hadi ukadhani amekata roho ni kuridhika, maana mnyama anayewindwa halali hivyo mahali asipopaamini. Na kile ulichokiona kwa kinyaa, kujila kinyesi, ni lazima kwake. Kuna aina laini inayotoka kama kishada kidogo, ambayo huichukua moja kwa moja mwilini na kuimeza tena ili apate vitamini na protini zilizopita mara ya kwanza. Usimzuie.

Kitu kimoja tu sikukiona katika ujumbe wako, nacho ndicho ningekuuliza kwanza: anakula? Watu hushtuka sungura anapofanya vituko, kumbe wa kuogopwa ni yule aliyetulia. Sungura huficha maumivu, kwa sababu huko walikotoka aliyeonekana mgonjwa ndiye aliyekamatwa. Kwa hiyo akijikunyata pembeni, macho nusu, anasaga meno kwa nguvu, hagusi hata chakula anachokipenda, usiseme amechoka. Kule kusaga kwa sauti ndogo ukimpapasa ni raha. Huku kwa nguvu akiwa amejikunja ni maumivu. Tumbo lake limeumbwa lisisimame. Likisimama hujaa gesi, na sungura hawezi kutapika. Asipokula na asipotoa kinyesi kwa saa 12, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kichwa kikipinda upande mmoja, au akianza kuanguka na kubiringika, fanya vivyo hivyo. Huweza kuwa sikio au kimelea cha kwenye ubongo, na kuchelewa ndiko kunakoharibu.

Kuhusu kuwatenga: kama mwenzake anaendelea kumpanda au wanapigana, weka wavu katikati, waonane na kunusana lakini wasifikiane. Ukiwatenganisha kabisa kwa wiki kadhaa, siku ya kuwarudisha watapigana kama wageni.

Mambo haya yatajirudia. Dawa yake ya kudumu ni kumtoa kizazi, na mimi ningefanya hivyo hata kama asingenyofoa unyoya mmoja, kwa kuwa majike wasiotolewa kizazi hupatwa sana na saratani ya mfuko wa uzazi wakifika utu uzima. Subiri kwanza mimba hii ya uongo ipite, matiti yakauke. Tafuta daktari aliyezoea sungura, si mbwa na paka peke yao. Kuna njia rahisi ya kumjua: muulize sungura afunge kula kwa muda gani kabla ya upasuaji. Akikuambia umlaze njaa usiku kucha, shukuru kwa adabu, kisha utafute mwingine.

Mama yako