Jikoni na Shangazi: Mkate wa Nyanya Uliolowa Kabla ya Wageni Kufika

SWALI: Shangazi, shikamoo. Katika kipaimara cha mpwa wangu hapa Moshi nilijaribu kuandaa vile vipande vya mkate wa kubanika vyenye nyanya juu yake, ambavyo niliwahi kuvila hotelini Arusha. Nilikatakata nyanya, nikazichanganya na vitunguu saumu, chumvi na mafuta, nikazipanga juu ya mkate wa slesi saa nne asubuhi. Wageni walipotoka kanisani saa saba, mkate ulikuwa umelowa kana kwamba umechovywa kwenye chai, na vitunguu saumu viliwasha ulimi. Nilikosea wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chakula hicho Waitaliano hukiita bruschetta, nao hutamka "brusketa". Jina lenyewe limetokana na neno la watu wa Roma lenye maana ya kubanika juu ya makaa, kwa hiyo mwenye jiko la mkaa asijione mnyonge mbele ya mwenye oveni. Kwa asili ni mkate uliobanikwa, ukasuguliwa kitunguu saumu, ukanyunyiziwa chumvi na mafuta ya zeituni. Nyanya, ambayo ilifika Ulaya katika karne ya 16 kutoka bara la Amerika, ni nyongeza ya baadaye.

Kilichokuponza ni maji. Sehemu kubwa ya nyanya ni maji, na chumvi huyavuta yatoke, nawe uliyapa saa tatu nzima ya kuingia kwenye mkate laini. Kwa vipande 12, chukua nyanya sita za wastani, ondoa mbegu pamoja na ule ute wake, kata vipande vidogo, changanya na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha ziache kwenye chujio kwa dakika 20. Maji yatakayodondoka yatie kwenye mchuzi, kwa maana ladha nyingi imo humo. Mimi hupendelea nyanya zenye nyama nene, kama Tanya au Tengeru 97, ila wauzaji wengi huzileta sokoni zikiwa hazijaiva sawasawa. Zinunue siku mbili au tatu kabla, uziache mezani hadi ziwe nyekundu kabisa, wala usizitie kwenye friji, kwani baridi huua harufu yake.

Mkate wa slesi haufai, nasema bila kuficha. Nunua mkate mzima wa jana, ukate vipande vyenye unene wa kidole, uvibanike kwenye wavu juu ya makaa yasiyo na moshi, takriban dakika mbili kila upande, mpaka uso uwe mgumu na wenye kukwaruza. Hapo ndipo kitunguu saumu kinapoingia: kata punje moja katikati, usugue mara mbili tatu juu ya mkate ungali wa moto, nao utaikwangua wenyewe. Kitunguu saumu kibichi kilichokatwakatwa na kukaa kwa saa kadhaa huzidi kuwa kikali, na ndicho kilichowawasha wageni wako.

Pakaa mafuta kwenye mkate kwanza, kwa kuwa huchelewesha maji kupenya. Ya zeituni ni ghali. Alizeti iliyokamuliwa vizuri inafaa, ingawa Mwitaliano atanuna. Majani ya rihani yachane kwa mkono, na ukiyakosa, yaache, maana ukitia giligilani badala yake utakuwa umepika kachumbari juu ya mkate, ambayo ni tamu lakini ni chakula kingine.

Mkate unaweza kuubanika asubuhi na kuuacha wazi ukauke, na nyanya zikakaa kwenye bakuli lake, lakini usivikutanishe mpaka wageni waanze kunawa mikono. Ukimsikia mshereheshaji bado anautambulisha ukoo wa baba mkubwa, usiguse kijiko.