Rupia Inang'aa Kama Jana: Niipeleke Ikapimwe?

Nimerithi rupia ya fedha ya mwaka 1891, ya enzi za Wajerumani. Inang'aa ajabu. Nikiipeleka kwenye kampuni za Marekani zinazotoa gredi, si itapanda bei? (Msomaji, Temeke)

Fedha yenye umri wa zaidi ya miaka 130 ikimeremeta kama sufuria mpya, itilie shaka kwanza. Fedha iliyoachwa yenyewe hubadilika rangi, na kwa joto na unyevu wa Dar haichukui muda. Ikiwa haijabadilika, huenda kuna mtu aliisugua, na ndimu na majivu ni vya sufuria.

Usiku zima taa zote, bakiza balbu moja. Shika sarafu kwa ukingo, usiguse uso, kisha iinamishe polepole huku na huku. Ambayo haijasuguliwa hutoa miale inayozunguka kama spoku za baiskeli. Miale hiyo hutokana na vijistari vidogo mno vilivyobaki pale chuma kilipotandaa kwa nguvu chini ya muhuri wa kiwandani. Iliyosuguliwa hung'aa sawasawa pote, haina mchezo wowote. Ukiitazama kwa lenzi ya mara 10 utaona mikwaruzo myembamba ya upande mmoja, na uchafu mweusi uliojibana kwenye shingo za herufi ambako kitambaa hakikufika. Kitu kingine: shavu la Kaisari, yule mfalme wa Ujerumani aliye kwenye sarafu, likiwa limelika lakini bado linang'aa, hapo hakuna mjadala. Ngozi ya awali ya chuma ikishaondoka, mng'ao wake haurudi.

PCGS na NGC, ndizo kampuni hizo za Marekani, hutoa gredi ya 1 hadi 70, yaani alama ya hali ya sarafu. Rupia iliyosuguliwa hairudi na namba. Huandikiwa kwamba ni halisi ila ilisafishwa. Ada unalipa vilevile.

Nitajuaje kama gharama italipa? (Msomaji, Sinza)

Jumlisha ada ya gredi, ada ya kuhudumia mzigo, usafirishaji wa kwenda na kurudi, na bima. Kisha tafuta sarafu kama yako iliuzwa kwa kiasi gani mnadani, ikiwa na gredi na ikiwa haina. Angalia bei iliyolipwa; bei anayotaja muuzaji ni matumaini yake. Sisi tunashauri tofauti ya bei hizo mbili iwe angalau mara mbili ya gharama. Gharama zikifika shilingi 300,000, tofauti iwe 600,000 au zaidi, maana gredi inaweza kushuka chini ya ulivyotarajia.

Kwa kipimo hicho heller na pesa nyingi, zile sarafu ndogo za shaba za enzi za Wajerumani, hubaki nyumbani. Ile ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo, ni habari nyingine. Za bandia ni nyingi, hivyo mnunuzi makini atataka uthibitisho. Kabla ya kutuma, ipime: gramu 7.17 hivi, kipenyo milimita 22.

Riale ya Maria Theresia ya mwaka 1780, ya bibi yangu, si ya kale sana? (Msomaji, Ilala)

Mwaka huo usikuchanganye. Sarafu hizi za fedha za Austria zimeendelea kupigwa karne na karne zikiwa na tarehe ileile, kwa hiyo nyingi bei yake haiendi mbali na bei ya fedha. Jiridhishe tu kwamba ni fedha kweli. Uzito uwe gramu 28.07, pungufu kidogo kwa iliyotumika sana. Weka glasi ya maji kwenye mizani ya dijitali, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini wala kando. Mizani ikisoma karibu 2.75, ni dalili nzuri. Ikisoma 3.1 au zaidi, umeshika chuma kingine kilichopakwa.

Shilingi ya 1966 yenye Mwalimu na Mwenge? (Msomaji, Mbagala)

Haina fedha ndani, na zilizotumika zipo tele. Itunze kwa mapenzi, usiilipie gredi.

Sarafu zangu zimeota utando wa kijani unaonata. (Msomaji, Kinondoni)

Ni vile vifuko vya plastiki laini. Hutoa kemikali inayokula chuma. Zitoe leo. Zilowekwe dakika chache kwenye asetoni halisi ya maabara, ndani ya chombo cha kioo, madirisha wazi, mbali na jiko. Usisugue. Dawa ya kufutia rangi ya kucha haifai, mara nyingi ina mafuta na manukato. Zikikauka, ziweke kwenye vishikizo vya kadibodi, na pakiti za silika zile za kwenye maboksi ya viatu.

Niliokota ufukweni Kilwa kisarafu cha shaba chenye maandishi ya Kiarabu. Nakitumaje nje? (Msomaji, Kigamboni)

Usikitume. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na havitoki nchini bila kibali. Kipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, bila kukiosha, pamoja na karatasi inayoeleza siku na mahali hasa ulipokiokota.